Mgeni Kwenye Kalamu

Mughwai aliishika pete ya kalamu kwa kibano, akaipuliza vumbi, akairudisha mahali pake kwa mara ya tatu alasiri ile. Akakaza skrubu mbili zilizokuwa ndogo kama mbegu za mchicha, akaiwasha kalamu, akaandika jina lake juu ya kipande cha boksi. Taa iliyokuwa karibu na ncha ingekuwa ya kijani kama yeye ndiye mwenye kalamu. Iligeuka rangi ya chungwa.

"Mgeni," ilisema kalamu, kwa sauti ndogo ya upole.

"Kweli," Mughwai akaijibu. "Mimi ni mgeni."

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake. Kalamu ilikuwa nzima, na angefurahi zaidi kama angeikuta mbovu.

Kibanda chake cha ufundi kilikuwa ubavuni mwa nyumba, upande usiopigwa na upepo wa Singida. Juu ya vilima, mapangaboi makubwa ya kufua umeme wa upepo yalizunguka bila haraka, na katika mojawapo, ndani ya kichwa chake kilichokuwa kikubwa kuliko nyumba yao, mkewe alikuwa akibadilisha grisi. Mama Tabitha alirudi nyumbani mwisho wa juma tu. Siku nyingine zote Mughwai alikaa na binti yao peke yake, akapika, akafua, na jioni akaketi naye kwenye kazi ya nyumbani.

Kalamu shahidi haikuwa na akili nyingi. Ilijua mkono mmoja tu: uzito wake, mtetemo wake, joto la vidole, mahali unaposita na mahali unapokimbia. Mwanzoni mwa muhula mtoto aliandika ukurasa mzima mbele ya mwalimu, na tangu hapo kalamu ikawa yake. Jioni ilibeba kila hatua ya zoezi, hata iliyofutwa, na asubuhi ilipowekwa kwenye rafu ya kuchajia shuleni ilizimwaga zote. Walimu hawakusahihisha tena majibu. Majibu yalikuwa kila mahali. Ukiuliza ukuta, ukuta unakujibu. Walisoma njia aliyopita mtoto.

Ikishikwa na mtu mwingine kwenye daftari la zoezi, kalamu iliandika "mgeni" pembeni ya mstari; kwenye boksi la fundi ilisema tu, haikuhesabu. Mgeni akitokea mara tatu katika muhula, kazi zote za nyumbani za muhula huo hazihesabiwi, na bila hizo hakuna kupanda darasa. Tabitha, aliyekuwa darasa la tano, alikwisha kuwa na mara mbili.

Ujumbe wa Mwalimu Nkungu ulikuwa bado kwenye simu. Mughwai alikuwa ameusoma mpaka anauona hata akifumba macho. *Baba Tabitha, habari za kazi. Mgeni ametokea tena, na tena ni kwenye maswali magumu. Yale mepesi mtoto anayafanya mwenyewe, polepole. Magumu yanafanywa na mtu mwingine, haraka, na anayapata. Sisemi ni wewe. Naomba tu uangalie ni nani anayekaa naye.*

Anayekaa naye alikuwa Mughwai. Na Mughwai hakuwahi kuigusa kalamu ile wakati wa zoezi, hata mara moja. Alikuwa na utaratibu wake. Aliketi upande wa pili wa meza, akauliza swali, akanyamaza. Tabitha akikwama, aliuliza tena kwa njia nyingine. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Alijifunza mwenyewe kutokana na kufungua mashine. Mashine ukiilazimisha, inavunjika.

"Hodi, fundi."

Alikuwa Baba Jumbe, jirani yao, dereva wa malori ya vitunguu. Alikuwa bado na vumbi la barabara kwenye nyusi.

"Karibu. Za safari?"

"Za safari ni vumbi. Nimekuja na ombi lile lile."

"Na mimi nina jibu lile lile."

Baba Jumbe alicheka, akaketi juu ya debe bila kukaribishwa mara ya pili. "Wewe bwana mgumu kama haya mawe ya kwenu. Haya, nisikilize tu, kusikiliza hakuna kosa. Mimi nikikaa nyumbani siku mbili ni bahati. Mwanangu ananiamkia kama anavyomwamkia bwana afya. Mwezi uliopita nikamshika mkono tuandike pamoja. Tulicheka, fundi. Mimi na Jumbe tulicheka mpaka mama yake akaja kuangalia kuna nini. Kesho yake, ujumbe kutoka shule. Mgeni." Alitazama kalamu iliyokuwa juu ya benchi. "Ifumbe macho tu, isimwone mgeni. Manyoni wanasema yuko anayefumba."

"Yuko."

"Sasa wewe unaona ni dhambi?"

"Sijasema ni dhambi. Nimesema siwezi."

"Kuna tofauti?"

Mughwai aliigeuza kalamu mkononi. "Sijui bado," alisema.

* * *

Jua lilipoanza kushuka Tabitha aliondoa vyombo mezani, akafuta meza kwa kiganja, akaweka daftari. Alikuwa mtoto mrefu wa miguu, mwenye tabia ya kuimba puani akiwa peke yake na kunyamaza akiwa na watu.

"Mkono," alisema Mughwai huku akivuta kigoda, na Tabitha akaishika vizuri kalamu. Taa ikawa ya kijani.

"Soma, mama."

"Dumu la mafuta ya alizeti limejaa robo tatu. Mama akitumia theluthi ya mafuta yaliyomo, dumu litabaki limejaa kiasi gani?"

Tabitha aliandika robo tatu, akaandika alama ya kutoa, akaandika theluthi. Alitafuta namba inayogawanyika kwa nne na kwa tatu, polepole, ulimi ukiwa kwenye kona ya mdomo. Akapata tano juu ya kumi na mbili. Akaitazama.

"Siyo hii," alisema.

"Kwa nini siyo?"

"Sijui. Naiona tu haijakaa."

"Theluthi ya nini?"

"Ya mafuta."

"Mafuta ya dumu likiwa limejaa, au haya yaliyomo?"

Tabitha aliibana kalamu mpaka ncha ya kidole gumba ikawa nyeupe. Mughwai aliona kwamba alikuwa amelielewa swali, kwamba jibu lilikuwa mahali fulani ndani yake, na lilikuwa halishuki. Alikuwa ameiona hali hii jioni nyingi. Alijiambia asiulize tena, ampe nafasi. Jikoni maji ya ugali yalikuwa yanachemka.

"Fikiria. Naja."

Alitia unga, akakoroga, akauacha uive kidogo. Chumvi ya mboga ilikuwa imebaki sebuleni, kwenye kabati. Alipofika mlangoni alimsikia Tabitha anaimba puani, naye akasimama.

Mabega ya mtoto yalikuwa yameshuka. Kalamu ilikuwa mkono wa kushoto. Alikuwa amechora dumu, akaligawa sehemu nne kwa mistari mitatu ya haraka, akaifuta ile ya juu isiyokuwa na mafuta. Zikabaki tatu. Akapiga alama ya mkasi kwenye moja ya hizo tatu. Zikabaki mbili katika nne.

"Nusu," alijiambia.

Taa ya kalamu ilikuwa rangi ya chungwa.

"Mgeni," ilisema kalamu, kama mtu anayeomba radhi.

Tabitha aliifunika taa kwa kiganja. Kisha akaihamishia kalamu mkono wa kulia, akaanza kunakili jibu kwa mwandiko safi.

Mughwai aliingia. Neno lile, "mkono", lilikuwa tayari kwenye ulimi wake, kwa sababu alikuwa ameuona mkono wa kushoto, na kila alipouona alisema. Alikuwa analisema tangu Tabitha alipokuwa anajifunza kushika kijiko. Mama yake Mughwai alimwambia yeye, naye akamwambia mwanawe, na halikuwa neno la ukali. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyosema pole. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alilisikia kabla halijatoka.

Akaketi.

"Umeanza lini?" aliuliza.

Tabitha alielewa kinachoulizwa. "Sikuanza, Baba. Mimi niko hivyo."

"Na kalamu ikisema mgeni?"

"Nilidhani inasema kweli." Alikuwa anatazama meza. "Wewe husema ule ni mkono wa chooni. Nikajua siyo wa kuandikia. Lakini nikikwama, ukitoka, naenda nao kidogo tu. Halafu narudi."

"Mbona hukuniambia, Mwalimu alipoleta ujumbe?"

"Ulisema kuna mtu anatuharibia. Nikaogopa nisije nikawa mimi."

Kutoka jikoni ilikuja harufu ya ugali unaoshika chini. Mughwai aliinuka akaenda kuuepua, na alikaa huko muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji.

* * *

Walipokwisha kula aliichukua kalamu akaenda nayo kibandani, akawasha taa ya benchi na feni ya kuondoa moshi, akachomeka chuma cha kulehemu. Hakuwa ameamua kitu. Alijiambia ni kukipasha tu.

Mgeni wa tatu alikuwa tayari ndani ya kalamu. Asubuhi, ikiwekwa kwenye rafu, angetoka. Kuifumba ilikuwa kazi ndogo: tone moja la risasi ya kulehemu kwenye pete, upande wa ndani, na kalamu ingeamini kila mkono unaoishika. Taa ingebaki ya kijani mpaka mwisho wa muhula, na yale ya leo yangesomeka kama yameandikwa na mwenyewe.

Na si yalikuwa yameandikwa na mwenyewe? Aligeuza wazo hilo kila upande, kama anavyogeuza kifaa asichokijua. Baba Jumbe alitaka kalamu idanganywe. Yeye angeidanganya ili iseme kweli. Lilikuwa wazo zuri sana, na uzuri wake ndio uliomtia shaka.

Simu iliita. Alikuwa mkewe, anaongea kwa sauti kubwa kushinda upepo.

"Mmekula?"

"Tumekula. Mama Tabitha, unajua kwamba mtoto anaandika kwa kushoto?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe. Mimi nikiwepo huwa simwambii kitu. Wewe ndiye mwenye jeshi lako: mkono, mkono. Mama yako naye, Mungu amrehemu, ndiyo kabisa. Nikaona nikisema nitakuwa nimemtukana marehemu."

"Ungesema."

"Ningesema," alikubali. "Basi tumekosa wote. Unafanya nini hapo? Nasikia feni ya benchi."

"Nimepasha chuma."

Hakuuliza cha nini. Alikuwa ameishi na fundi miaka mingi, na habari za ujumbe wa Mwalimu alizijua. Alisema tu, "Ukiifumba, itamjua nani?" Kisha mtu akamwita huko juu, na simu ikakatika.

Mughwai alikaa akiitazama kalamu. Iliyofumbwa isingemjua Tabitha wa kulia wala wa kushoto. Isingemjua mtu. Mtoto angekaa jioni zote zilizobaki akiandika kwa mkono anaoutaka, na shuleni wangesoma njia isiyokuwa ya yeyote. Alimkumbuka Baba Jumbe juu ya debe lake, na swali lake la tofauti. Hakujiona bora kuliko yule bwana. Alijiona amechelewa tu kufika alipofika mwenzake.

Alichomoa chuma, akakilaza kwenye mchanga kipoe.

* * *

Waliingia ofisi ya walimu kabla ya kengele, kalamu ikiwa mfukoni mwa shati la Mughwai. Mwalimu Nkungu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mafua ya vumbi yasiyoisha. Aliitikia shikamoo ya Tabitha kwa leso puani.

Mughwai alieleza kwa utaratibu, tangu kibano mpaka dumu. Alieleza na neno lake la "mkono". Mwalimu alimpa Tabitha kipande cha karatasi na penseli ya kawaida.

"Andika chochote, mwanangu. Kwa ule mwingine."

Tabitha alimtazama baba yake. Mughwai aliangalia dirishani. Mtoto akaandika, na Mwalimu akasogeza kiti karibu, akawa anautazama mkono, halafu uso, halafu mkono.

"Huyu ndiye mgeni wangu," alisema mwishowe. "Nimemsoma mara mbili muhula huu. Nilikuwa nasema moyoni, huyu mzazi anajua hesabu." Akapenga kamasi. "Baba Tabitha, wewe ni fundi. Ungeweza kuifumba."

"Ningeweza. Chuma nilikipasha."

Mwalimu aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaendelea.

"Sasa nikwambie ilivyo. Kalamu haijui mikono miwili ya mtu mmoja. Walioitengeneza hawakumfikiria mtoto aliyefundishwa kuuficha mmoja. Kwa hiyo njia ziko mbili. Ya kwanza, Tabitha abaki na kulia mpaka mwisho wa muhula. Huyu wa tatu nitamwandikia maelezo, nadhani wakubwa watanikubalia. Anapanda darasa, kwa alama hizi hizi za kuchechemea, lakini anapanda. Ya pili, tunaisafisha kalamu, inajifunza kushoto. Lakini ikijifunza upya inasahau yote. Kazi zote za muhula zinarudiwa nyumbani kabla ya kufunga shule, mzazi akiwa ameketi hapo kama shahidi."

"Si zimebaki wiki mbili tu kufunga?"

"Na siku kidogo. Asipomaliza, anarudia darasa. Hapo mimi sitakuwa na la kuandika."

Mughwai aliona wazi ni ipi iliyo salama. Mzazi mwenye akili angechagua ile ya kwanza, na muhula ujao mtoto angeanza na kalamu safi. Alifungua mdomo aichague. Halafu alikumbuka kidole gumba cheupe, na akaona kwamba angekuwa anasema neno lile lile, kwa urefu zaidi.

Akamgeukia binti yake. "Wewe unaonaje, mama?"

Tabitha hakuwa amezoea kuulizwa mbele ya mwalimu. Alisugua kiatu kimoja kwa kingine.

"Nikirudia yote, Baba utakaa?"

"Nitakaa."

"Kila siku? Na kibanda?"

"Kibanda kitafungwa mchana."

"Na utasema mkono?"

Mwalimu Nkungu alijificha nyuma ya leso. Mughwai alifikiria kwa uaminifu.

"Nitajaribu nisiseme," alijibu. "Ugali utakula kwa mkono wa kulia, hilo bado nalitaka. Hesabu, kwa huo unaoutaka."

Tabitha alitikisa kichwa kukubali, kama mtu mzima aliyefikia mapatano. Mwalimu aliibana kalamu kwenye kifaa cha mezani, na taa yake ikazimika kabisa. Muhula mzima ulikuwa umekwenda. Kisha akampa Tabitha. Aliandika ukurasa mmoja kwa kushoto, mistari ikipanda kidogo kuelekea kulia, na alipofika chini taa ilipepesa, ikatulia kijani.

"Tabitha," ilisema kalamu.

* * *

Jioni ya siku ya nne Baba Jumbe alipita akielekea kwenye lori, akawakuta wamehamishia meza nje, penye mwanga.

"Fundi. Kibanda kimefungwa, nakuta wewe uko darasani."

"Nimeandikishwa. Somo langu ni kukaa kimya."

"Unafaulu?"

"Anafeli," alisema Tabitha bila kuinua uso. "Jana kasema mara mbili."

Baba Jumbe alicheka. Alisimama kidogo, funguo mkononi, akiutazama mkono wa mtoto unavyokwenda. "Kwa hiyo kukaa kunaruhusiwa," alisema.

"Kukaa ndiko wanakokutaka. Nilimuuliza Mwalimu. Hata kucheka kunaruhusiwa, mradi usishike."

"Hakuna aliyeniambia hivyo."

"Hata mimi sikukwambia," alisema Mughwai. "Nilikwambia tu siwezi. Pole."

Jirani aliitazama saa yake, akaitazama nyumba yake ng'ambo ya njia, ambako taa ilikuwa imewaka dirishani. Akasema vitunguu havitaoza kwa nusu saa, akarudi alikotoka.

Walikuwa wamefika zoezi la wiki ya tatu. Zilibaki wiki nyingi, na Mughwai alikuwa ameacha kuzihesabu kwa sauti kwa sababu zilimtisha mtoto. Tabitha alikuwa anagawa shamba la vitunguu kwa ndugu watatu, akiimba puani hata baba yake akiwa hapo. Alichora, akagawa, akaandika. Kisha akapiga miayo mikubwa, akaweka kalamu chini.

"Limeisha?"

"Bado. Kesho."

"Haya. Kanawe, tule."

Alipokwenda, Mughwai alivuta daftari karibu. Kosa lilikuwa mstari wa pili: ndugu mkubwa alikuwa amepewa sehemu yake mara mbili, na shamba zima lilikuwa limekwenda upande. Lilikuwa kosa dogo. Ukinyoosha kidole hapo tu, kesho atamaliza mapema, na huenda wakamaliza na jingine juu yake. Aliuona mkono wake unakwenda wenyewe.

Akaukalia.

Aliifunga kalamu, akalifunika daftari kwa kitambaa cha meza ili upepo usilifungue, akaliacha kosa pale pale lilipo, limsubiri mwenyewe.